Kampuni ndogo ya simu Kanada inauzwa, mdogo wangu anachekelea. Hivi hapa kuna mteja anapona kweli?

Wakala Makumbusho
Machi 11, 2023

Wakuu habari za jioni. Niko kibandani hapa stendi Makumbusho, mvua imepiga kidogo wateja wamekata, nikasema ngoja nilete hiki kitu maana kinanisumbua siku ya tatu leo.

Nina mdogo wangu yuko Toronto mwaka wa sita sasa, anaendesha foklifti kwenye ghala. Laini yake ni ya kampuni inaitwa Freedom Mobile. Freedom ni mali ya jamaa wanaitwa Shaw, na Shaw mwenyewe anamezwa na Rogers, ambaye ndo papa wa kule. Dili la dola bilioni 26 za kikanada ukihesabu na madeni, limetangazwa Machi 2021, miaka miwili inakaribia kutimia bado halijafungwa. Waziri kagoma Rogers asiichukue na Freedom, basi wakakubaliana Freedom iwekwe pembeni iuzwe kwa Videotron, ya kule Quebec, iko chini ya Quebecor, kwa bilioni 2.85. Ofisi yao ya ushindani ikapinga mpaka kwa majaji, ikapigwa. Sa hivi kimebaki kitu kimoja tu, waziri anaitwa François-Philippe Champagne akubali leseni za masafa zihame au akatae, na tarehe waliyojiwekea wenyewe wameshaisogeza Januari 31, ikaja Februari 17, sasa wanasema Machi 31.

Mdogo wangu anachekelea, anasema huyo wa Quebec akiingia bei zinashuka. Mimi niko kwenye hizi laini tangu enzi za Celtel. Kibanda changu ukikikwangua kwa kucha pale pembeni ya kidirisha unaona rangi ya Celtel chini, juu yake Zain, juu yake Airtel, na sehemu nyingine kuna rangi za mitandao ambayo vijana wa leo hata hawaijui. Makampuni yameuzwa na kununuliwa mimi nimekaa kwenye stuli ileile, na sijawahi kuona mteja anakuja kuniambia wakala ahsante, kampuni imeuzwa bando langu limeongezeka. Kinachobadilika ni mwamvuli na tisheti.

Sasa maswali yangu. Kampuni yenye wateja milioni moja na laki saba hivi, kwenye nchi ya watu karibu milioni arobaini, kwa nini waziri mzima anakosa usingizi? Na je nani anaenunua ina tofauti yoyote au ni walewale? Dogo analipa kama dola 40 kwa mwezi, anaeishi nae chumba kimoja yuko kwa wakubwa analipa 85.

Nawasilisha.

---

dogo_tandika

Dola 40 si kama elfu sitini na nane hiyo?? Alafu anachekelea?? Mwambie arudi tu nyumbani bana

---

Mama Nasra

Mnaumia na ya Kanada wakati mimi jana nimejiunga bando la wiki siku ya nne halipo, na simu yenyewe nilimwachia mtoto nusu saa tu. Mtandao siutaji nisije nikafungiwa uzi. Ila naweka kiti nasoma, hii mada naitaka.

---

Mbongo Brampton

Wakala salaam kutoka kwenye barafu. Mimi niko huku mwaka wa kumi na moja acha nikupe picha ya chini kwa chini kwanza.

Huku kuna wakubwa watatu, Rogers, Bell na Telus. Hao watatu wana karibu asilimia 90 ya wateja wote wa nchi. Kila mmoja ana vijina vingine vya bei nafuu, Fido ya Rogers, Koodo ya Telus, Virgin ya Bell, kwa hiyo ukiingia dukani unaona mabango kama kumi ukadhani kuna ushindani kumbe mifuko ni mitatu. Mwezi huu mmoja akipandisha dola tano, baada ya siku chache na wenzake nao washapandisha. Hawakai kikao, hawana haja, wanaangaliana tu.

Freedom ndo anaevuruga hiyo starehe. Nikupe mfano mmoja mdogo ambao mdogo wako ataucheka maana anaujua. Treni ya chini ya Toronto. Kuna kampuni ilipewa kazi ya kuweka mtandao kwenye yale mahandaki tangu 2012, wakubwa wote watatu wakakataa kujiunga, hawakutaka kumlipa. Aliekubali ni huyu mdogo peke yake, enzi hizo akiitwa Wind. Mpaka leo hii ninavyoandika, Machi 2023, tukishuka ngazi pale stesheni ya Bloor watu wenye simu za milioni tatu na bili za dola 90 wanaziweka mfukoni zimekufa, alafu pembeni unamsikia jamaa wa Freedom anaongea na mama yake kwa sauti kama yuko sebuleni. Nna rafiki yangu Mkongo alihama Bell kwa sababu hiyo tu.

So mdogo wako ana haki ya kuchekelea. Videotron kule Quebec ndo wamefanya bei za Quebec ziwe chini kuliko Ontario, hilo kila mtu huku analijua, kuna watu walikua wanatafuta namba za Montreal makusudi. Mtu kama huyo akija Toronto na Calgary, kwa nini nilie?

---

Mzee wa Mnara

Kijana wa Brampton umesema vizuri lakini umeanzia katikati. Mimi nimepanda minara miaka kumi na nne, Tunduma mpaka Namanga, sasa magoti yamegoma nakaa Kimara nasoma habari za minara ya wenzangu. Hii ya Kanada naifuata tangu 2008 kwa sababu ni sinema.

Mwaka 2008 serikali yao ilipiga mnada wa masafa. Kwa wasiojua, masafa ndo barabara za hewani, bila hayo hata ujenge mnara mrefu kama Kilimanjaro ni mti wa chuma tu. Wakatenga fungu ambalo wakubwa watatu hawaruhusiwi kugusa, likabaki kwa wageni tu. Serikali ilikusanya zaidi ya bilioni nne. Wakaingia Wind, Mobilicity, Public Mobile, na huyohuyo Videotron kule kwake Quebec. Na sharti moja likawekwa, wageni wasiwauzie wakubwa masafa hayo kwa miaka mitano.

Wind pesa zake zilikua za Mmisri, Naguib Sawiris wa Orascom. Kabla hata hawajawasha, mdhibiti wao CRTC akasema Oktoba 2009 hii kampuni si ya Wakanada, pesa ya nje imezidi, haiwashwi. Baraza la mawaziri likatengua uamuzi, Desemba wakawasha. Unaona tangu siku ya kwanza huyu mdogo anaishi kwa mkono wa serikali.

Sasa shida ya mdogo ni hii na hapa ndo nataka Wakala anielewe. Mimi nikijenga mtandao mpya Dar tu, mteja wangu akipanda basi la Morogoro, akifika Mlandizi simu inakufa. Ili isife lazima aazime mnara wa mkubwa, rominga. Na mkubwa ndo huyohuyo nnaemnyang'anya wateja. Anipangie bei gani? Anipangie ya kuniua. Kule ilifika mahali mdogo analipishwa rominga ghali kiasi kwamba serikali ikaingilia 2014 ikaweka kikomo. Ongeza na kwamba masafa yale waliyopewa ni ya juu, hayapenyi vizuri kuta nene, mteja akiingia lifti au gorofa ya chini mtandao unakata, anatukana kampuni anahama. Hapa kwetu ahueni ipo kidogo kwa sababu minara mingi ni ya kampuni za minara tu kama Helios, wao hawauzi laini, mitandao ni wapangaji wao, ukilipa unafunga antena yako pembeni ya mwenzio. Nimeshafunga mnara mmoja una antena za mitandao mitatu, juu kabisa kuna kiota cha kunguru, huyo ndo hakua analipa pango.

Matokeo? Public Mobile akaliwa na Telus 2013. Mobilicity mwaka huohuo Telus akataka kumchukua kwa milioni 380, serikali ikasema hapana, mdogo akaenda kuomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai, akakaa humo anapumulia mashine, 2015 Rogers akamchukua. Wind ndo akabaki. Wawekezaji wa nje wakachoka, 2014 wakamwachia mwanzilishi Anthony Lacavera na wenzake kwa kama milioni 300 na madeni humo, na mwisho wa 2015 Shaw akakubali kumnunua kwa bilioni 1.6. Piga hesabu mwenyewe hapo katikati nani alikula. Akabadilishwa jina, Freedom.

Kwa hiyo ukimtoa Videotron mwenye Quebec yake, wageni watatu walioanza, amebaki mmoja na kauzwa mara mbili, hii itakua ya tatu. Mimi nacheka na mdogo wako, ila nacheka kidogo.

---

dogo_tandika

Mzee huyo kunguru katisha 😂😂 yeye ndo alikua na mtandao wa bure

---

Mama Nasra

Shikamoo Mzee wa Mnara. Mie sijui masafa wala nini lakini Wakala umeuliza kwa nini waziri anamuhangaikia mdogo, nikwambie ya Kariakoo.

Mimi nauza vijora na madera jumla mtaa wa Kongo. Pale kona palikua na Mpemba mmoja ana kifremu kama kabati, mkisimama watatu wa nne anabaki nje. Dera ambalo sisi tunatoa elfu kumi na mbili yeye anatoa elfu kumi na moja, wakati mwingine kumi na nusu. Hakua anauza sana, mzigo wake mdogo, ukitaka dazeni kumi hana. Lakini kila asubuhi kabla sijafungua vizuri namtuma kijana wangu, nenda kapite pale usikie Mpemba leo anatoaje. Na jirani yangu anatuma wake. Vijana wanakutana palepale wamesimama wanajifanya wanaangalia rangi. Ndo tunarudi kupanga bei.

Mwaka juzi akaondoka, karudi Wete kulea wazee. Fremu ikachukuliwa na mwenye maduka matatu mtaa huohuo. Wiki ya pili nikashangaa kijana wangu yupo tu dukani saa mbili asubuhi anakunywa chai. Namuuliza huendi? Anasema niende wapi mama.

Dera sasa ni elfu kumi na tano.

---

Wakala Makumbusho

Mama Nasra umenimaliza. Nimesoma mara mbili hapa, mteja kaniita mara tatu sijasikia.

Kwa hiyo nikielewa, mchezo wote ni nani anachukua ile fremu. Akichukua Rogers ni yule mwenye maduka matatu. Akichukua huyu wa Quebec ni Mpemba mwingine. Sasa kama ni hivyo ile ofisi ya ushindani ilikua inapinga nini? Si wangefurahi?

---

Msomi Mchovu

Ngoja nijibu hili, nasoma sheria jioni pale Mlimani na ndo wiki hii tuko kwenye miungano ya makampuni, mwalimu katupa hukumu za nje tuzisome kwa hiyo nina macho mekundu ila nina jibu.

Kamishna wao Matthew Boswell alipeleka pingamizi Mei 2022, kabla hata Videotron hajatajwa rasmi. Mwanzo hoja yake ilikua rahisi, Rogers na Shaw wakiungana mshindani anapotea. Juni wakaja na huyu mnunuzi. Boswell hakuridhika, akasema Freedom ya sasa ina nguvu kwa sababu iko ndani ya Shaw, na Shaw ana nyaya zake chini ya ardhi Alberta na British Columbia, anaweza kumuuzia mtu intaneti ya nyumbani na simu kwa pamoja na kusafirisha data za minara kwenye nyaya zake mwenyewe. Sasa ukimng'oa Freedom ukampa mtu wa Quebec, nyaya zinabaki kwa Rogers. Mnunuzi atategemea mikataba na Rogers. Kwa lugha ya Mama Nasra, Mpemba mpya kapewa fremu lakini stoo na ufunguo wa choo viko kwa mwenye maduka matatu.

Baraza lao la Ushindani likasikiliza wiki kadhaa Novemba na Desemba, likatoa uamuzi Desemba 29, Boswell kashindwa. Wakasema Videotron ana historia ya kupigana, kanunua kwa bei ambayo inamwachia nafasi ya kushusha bei, na mikataba aliyopewa na Rogers ni ya masharti mazuri. Akakata rufaa, Januari 24 Mahakama ya Rufaa ikaitupa siku hiyohiyo iliposikilizwa, hawakuhitaji hata kulala nayo.

Kitu kilichonishangaza mimi, sheria yao kama ilivyo sasa 2023 ina kifungu cha 96 kinasema hata kama muungano unaua ushindani, unaweza kupita kama ufanisi utakaopatikana unazidi madhara. Yaani mteja aumie sawa ilimradi kampuni ziokoe zaidi kwenye gharama. Nilisoma mara tatu nikadhani nimesoma vibaya. Wabunge wenyewe wanakipigia kelele. Yetu ya mwaka 2003 nayo ina njia ya kuomba msamaha FCC, tume yetu ya ushindani, kwa hoja ya manufaa, ila sio kwa mlango mpana vile.

---

Mbongo Brampton

Msomi hapo sawa, ila usisahau Baraza liliona mashahidi uso kwa uso. Péladeau, bosi wa Quebecor, alisimama akasema anakuja kupigana. Na miaka yote Quebec amepigana na Bell kweli, haya sio maneno ya mwanasiasa.

Halafu jamani tuwe wakweli, Shaw walishachoka. Mtu anataka kuuza, utamlazimisha aendelee?

---

Mzee wa Mnara

Kijana, kusema nakuja kupigana ni bure. Nikupe Manitoba.

Manitoba walikua na kampuni yao ya mkoa, MTS, kwa hiyo mkoa ule ulikua na wanne badala ya watatu na bei zao zilikua chini kuliko Ontario. Bell akainunua 2017 kwa bilioni 3.9. Ofisi ya ushindani ikasema sawa lakini umpe kampuni mpya wateja kidogo na masafa na maduka ili awe wa nne. Akapewa Xplornet. Akaanzisha Xplore Mobile. Agosti mwaka jana, 2022, kafunga. Kafunga kabisa, wateja wakaambiwa tafuteni pengine. Na ndo majuzi tu, wakati hili la Freedom linajadiliwa. Sasa niambie kwa nini Boswell asiogope.

---

Mbongo Brampton

Mzee Xplore alipewa wateja elfu ishirini na kitu, hata Mwenge pale inawazidi. Huyu anapewa milioni na laki saba na tayari ana mtandao wake Quebec. Sio sawa na sawa.

---

Mzee wa Mnara

Hilo nakubali. Hilo nakupa.

---

dogo_tandika

Mzee kakubali kitu screenshoti hiyo wakuu

Ila swali la mtu asiesoma, kwani wao hawaweki laini mbili kama sisi? Mimi simu yangu ina laini mbili na ya tatu iko kwenye kava nyuma. Ya kupigia, ya bando, na ya kutumiwa hela. Akinizingua mmoja nachomoa nachomeka, kwisha.

---

Mbongo Brampton

Dogo hapo ndo umegusa. Huku watu wengi wanachukua simu kwa mkopo wa kampuni, unalipa kidogo kidogo miaka miwili, ukitaka kuhama unadaiwa kilichobaki chote kwa mkupuo. Kabla ya 2013 ilikua miaka mitatu, CRTC ndo ikaja na kanuni ikapunguza. Kuhama na namba inaruhusiwa tangu 2007 lakini nani atahama anadaiwa dola 600 za simu? Mteja wa huku ni kama mpangaji aliyelipa kodi ya miaka miwili mbele, hata paa livuje anakaa.

Na mtu akiwa kila kitu kaweka kwa mmoja anakiona. Julai 8 mwaka jana Rogers alizima nchi nzima kuanzia alfajiri. Sio simu tu, intaneti ya nyumbani, na ule mfumo wa kadi za benki Interac nao ukaanguka kwa sababu ulikua unapita kwake. Watu wengine hata namba ya dharura 911 haitoki. Mimi nilikua nimejaza mafuta tayari ndo naambiwa kadi haifanyi kazi, mfukoni sina hata senti. Yule Mhindi wa kituo akaniambia acha leseni yako ya udereva hapa ukatafute keshi. Nimetembea mashine tatu zote zimeandika samahani.

---

Wakala Makumbusho

Duh. Hebu fikiria hapa Dar siku nzima mitandao ya pesa imekata yote kwa mpigo. Mimi ikikata dakika kumi na tano tu nina foleni ya watu sita wananiangalia kama mimi ndo nimechomoa waya.

Ila ndo nimeelewa kitu. Sisi mteja analindwa na kidole chake, anachomoa laini. 2017 ilivyokuja ile ya kuhama na namba mimi nilidhani kibanda kitajaa, wapi, watu walishazoea kununua laini nyingine tu. Wao hawana hiyo ndo mana serikali inakaa na leseni mkononi kama mzee mwenye bakora.

---

Msomi Mchovu

Wakala usitupake mafuta sana. Kidole kinasaidia kama kuna pa kuchomeka. Kumbuka kupiga mtandao kwenda mtandao ilivyokua zamani, dakika ilikua inauma kwa sababu kampuni zinalipana zenyewe kwa zenyewe, mdhibiti wetu TCRA ndo wakashusha ile gharama, 2018 ilikua shilingi 15.60 kwa dakika, mwaka jana ikafika 2. Bila hivyo mdogo angekufa hapa pia, kwa sababu kila mteja wake akipiga nje, kampuni inamlipa mkubwa. Halotel walivyoingia 2015 wakajenga vijijini, ungewaambia kila dakika inayotoka kwao ni karibu shilingi thelathini kwa mwenzao, wangefika? Na Tigo imebadili mwenyewe mwaka jana tu, Millicom kaiuza kwa kundi linaloongozwa na Axian, ilipita FCC na TCRA, mtaani nani alijua? Hata uzi humu sikuuona.

---

Mama Nasra

Mimi nilijua ikiwa ishapita. Nilisikia kwenye redio ya daladala, dereva akabadilisha stesheni.

---

Mzee wa Mnara

Turudi kwa waziri. Champagne alisema Oktoba mwaka jana, leseni za Freedom hazimfikii Rogers, hilo limeisha. Kwa Videotron akataja mawili, asiziuze hizo leseni kwa miaka kumi, na bei za Ontario na magharibi zishuke kama asilimia 20 zifanane na za Quebec. Péladeau akasema nakubali. Mimi nataka kuona kitu kimoja tu, kama hayo yataandikwa kwenye mkataba wenye faini au yatabaki kwenye kipaza sauti. Masharti ya 2008 yalikua ya miaka mitano na mitano ilipita haraka sana.

---

dogo_tandika

Mimi naweka buku mbili waziri anasaini

---

Mbongo Brampton

Hakuna wa kubeti na wewe hapo dogo. Wote tunajua anasaini.

---

Wakala Makumbusho
Aprili 2, 2023

Wakuu narudi na mrejesho, uzi wangu siutelekezi.

Kasaini, ijumaa Machi 31 ileile. Na Mzee wa Mnara, kaandika mkataba. Leseni za Freedom hazihamishiki miaka kumi. Bei za Videotron lazima ziwe chini kwa asilimia 20 kulinganisha na za wakubwa, na asipotimiza faini inaenda mpaka milioni 200. Rogers nae kapewa yake, ajira elfu tatu mpya kule magharibi na asizipunguze, akivunja inaweza kufika bilioni. Kesho jumatatu wanafunga hesabu.

Na kuna kimoja kimeniaibisha. Wateja wa Freedom waliopo wanaongezewa data asilimia 10, imo kwenye masharti. Mdogo wangu kanipigia saa tisa usiku makusudi kabisa, hata salamu hakuna, anasema "Wakala ahsante, kampuni imeuzwa bando langu limeongezeka." Akakata.

---

Mama Nasra

😂😂😂 Mtoto wa mama huyo. Asilimia kumi sio nyingi lakini mwache apate raha yake.

---

Mzee wa Mnara

Hongera yake. Mimi nikijaliwa uzima nitaangalia 2033.

---

Mbongo Brampton
Aprili 11, 2023

Wakuu msifunge uzi bado. Mnakumbuka ile treni ya chini niliyowaambia, kampuni iliyoweka mtandao mahandakini tangu 2012 na wakubwa wote wakaisusia? Jana Rogers katangaza anainunua. Wiki moja tu baada ya kufunga la Shaw.

---

dogo_tandika

Kijana wa Mama Nasra kaenda kuangalia bei kwa Mpemba kakuta Rogers kakaa kwenye ngazi

---

Wakala Makumbusho

Nimempigia dogo saa tisa yake ya usiku. Hajapokea, nadhani yuko chini kwenye treni... lakini kule si ndo mtandao upo?